Jovitha na Shajara ya Mzee Abdulla

Ukipanda ngazi za jengo moja la Mtaa wa Aggrey, lile ambalo chini wanauza kava za simu na juu wamejazana mafundi, utaisikia sauti ya Jovitha kabla hujafika ghorofa ya pili. Mtu mgeni hudhani kuna ugomvi. Hakuna ugomvi wowote, ni Jovitha anaongea na kompyuta.

"Juzi tu nimekuongezea nafasi, leo unaniambia umejaa. Umejaza nini? Nani kakutuma?"

Kompyuta haijibu, naye hachoki kuuliza. Ana miaka thelathini na minane, ni mfupi, mnene kiasi, na ana miwani anayoiweka kichwani asubuhi na kuitafuta hadi jioni. Chumba chake cha kazi ni chembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na katika wembamba huo ameweka meza, benchi la wateja, feni moja isiyogeuka, na maiti za kompyuta zilizopangwa hadi darini. Anasema siku moja zitamfaa. Wenzake wanasema siku moja zitamwangukia.

Kwao ni Rombo. Alilelewa huko na bibi yake hadi darasa la saba, wakati mama yake, Severa, akihangaika na biashara ya ndizi za kupika hapa Kariakoo. Jovitha alipoletwa mjini, mama alikuwa ameshahamia Ilala na ameshapata kizimba chake cha uhakika sokoni, kwa hiyo shida za mwanzo hakuziona, alizisikia tu kila alipochezea chakula. Alisoma uhazili, akaajiriwa kuchapa barua kwenye duka la steshenari. Siku moja kompyuta ikazimika katikati ya utafiti wa mwanachuo mmoja aliyekuwa amesimama pale akitokwa jasho. Fundi akaitwa. Akaja na bisibisi, akafungua, akapuliza vumbi kwa mdomo, akafunga, ikawaka. Akapewa ujira wake na soda ya baridi juu.

"Kupuliza tu?" Jovitha aliuliza.

Hakulala vizuri wiki hiyo. Hasira ile ya soda ndiyo iliyomfanya fundi. Alianza kupuliza mwenyewe, kisha kufungua, kisha kuharibu, kisha kutengeneza alichoharibu, na sasa ana miaka kumi na mitano pale juu, na mafundi wa kiume waliomcheka wanamtumia wateja waliowashinda huku wakijifanya wanamfanyia hisani.

Ana imani moja ambayo ukimgusa nayo hamtamaliza leo. Anaamini kila kompyuta ina umri wake wa akili timamu, na watu walioitengeneza walipaswa kuiacha hapo. Masasisho anayachukia kama anavyochukia mbu. "Mtu kompyuta yake inafanya kazi, inamwambia nisasishe, anabonyeza ndiyo. Kwa nini unabonyeza ndiyo? Imekuomba maji?" Ndiyo maana ana kopo la biskuti lililojaa flashi, kila moja ina mfumo wa zamani ndani yake na mwaka wake umeandikwa juu kwa rangi ya kucha. Kariakoo nzima, mtu akitaka mfumo ambao dunia imeshautupa, anaelekezwa kwa Jovitha.

Ndivyo walivyomfikia wale watatu, asubuhi ya Alhamisi.

Aliyetangulia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, baibui jeusi, pumzi juu kwa sababu ya ngazi. Nyuma yake binti mwembamba amekumbatia laptopu kifuani kama mtoto mgonjwa. Nyuma kabisa kijana mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, uso umechoka.

"Assalaam aleykum," alisema mwanamke.

"Waaleykum salaam. Karibuni. Kaeni, benchi linatosha, linaogopesha kwa macho tu."

Hapo pakatokea jambo ambalo Jovitha hakulielewa. Binti alikaa mwisho wa benchi. Kijana akataka kukaa, akasita, akamtazama yule mama. Yule mama naye akamtazama binti, akamtazama kijana, akalitazama benchi, mwisho akakaa mwenyewe katikati na kumwonyesha kijana upande wa pili. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

"Dada, mimi naitwa Azza," binti alisema. "Huyu ni Taimur. Tunaoana Ijumaa ya wiki ijayo."

"Inshallah," yule mama alidakia. "Kama inafaa. Mimi ni Badria, shangazi yake Taimur. Mimi ndiye niliyemlea, na mimi ndiye niliyeharibu mambo."

"Hujaharibu, shangazi," alisema Taimur.

"Nimeharibu. Acha nimweleze fundi, maana akifanya bila kujua atafanya polepole."

Bi Badria akaeleza. Mama yake Taimur alifariki siku ya tisa baada ya kujifungua, miaka ishirini na minane iliyopita. Mtoto akakataa chupa. Akakataa kijiko. Akakataa kila kitu isipokuwa kulia. Badria wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, akaambiwa ambebe kichanga ampeleke nyumba ya mtaa wa pili, kwa Mzee Abdulla. Bibi wa nyumba ile alimpokea mtoto barazani, akaingia naye ndani, na Badria akabaki nje na viatu vyake. Baada ya nusu saa mtoto akarudishwa kalala, kashiba, maziwa mdomoni. Ikawa hivyo siku hiyo na kesho yake, hadi wiki sita zikatimia, kisha mtoto akaikubali chupa, na kina Badria wakahama mtaa ule.

"Nani alimnyonyesha?" Jovitha aliuliza.

"Hilo ndilo sikuliona. Lakini ndani mle, mwenye kichanga alikuwa mkwe wa Mzee Abdulla. Alikuwa na mwanawe Seifu wa miezi mitatu." Akamwelekezea Azza kidole, polepole, kama anaogopa kumchoma. "Mama yake huyu."

Jovitha alikuwa Mkristo wa Rombo, lakini hukai Kariakoo miaka yote hiyo usijue mambo ya jirani zako. Alijua kwamba waliozaliwa tofauti wakanyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Akaelewa na lile fumbo la benchi. Kama ni ndugu, wakae pamoja tu, hakuna neno. Kama ni wachumba, watenganishwe kidogo mbele za watu. Na Bi Badria, kwa kuwa hakujua ni lipi kati ya hayo mawili, aliamua kuwa ukuta.

"Mbona hukusema wakati wa posa?"

"Nilikuwa Tanga kwa mgonjwa. Nimerudi, naambiwa Taimur anaoa, nafurahi, napiga vigelegele. Nauliza binti wa nani. Naambiwa mjukuu wa Mzee Abdulla. Kigelegele kikanikwama hapa." Akashika koo. "Siku tatu sikulala. Nikisema, namvunjia mwanangu ndoa. Nisiposema, namwachia dhambi. Nikasema."

Azza alikuwa anatazama sakafu. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa na hasira na Bi Badria, na labda angepata nafuu kama angekuwa nayo. Mama yake alikuwa amefariki, bibi yake pia. Baba yake mwaka ule alikuwa Maskati na hakujua lolote la nyumbani. Sheikh alisema shaka peke yake haikatazi ndoa. Baba akasema yeye hamtoi binti yake juu ya shaka, wamletee uhakika kabla ya Jumamosi, la sivyo kadi zirudishwe.

"Na uhakika uko humu," Azza alisema, akaiweka laptopu mezani.

Mzee Abdulla alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha uchapaji, na aliandika kila kitu. Nani kazaliwa, nani kaoa, nani kamnyonyesha nani na kwa siku ngapi. Ukoo wote ulikuwa ukimwuliza kabla ya kupeleka posa popote. Daftari zake zilipoloa kwenye mvua kubwa, alinunua kompyuta hii uzeeni, akatafuta programu ya kutengenezea shajara za ukoo, ile miti ya nasaba, akakaa miaka miwili akihamisha yote kwa kidole kimoja. Alipomaliza aliishi kidogo, akaaga dunia.

"Na faili lipo?"

"Lipo. Halifunguki. Kaka yangu Seifu alirithi kompyuta, ikamwambia sasisha."

"Akabonyeza ndiyo," alisema Jovitha.

"Akabonyeza ndiyo."

Jovitha alifumba macho kwa muda. Alikuwa anajizuia.

Programu ya mzee ilikuwa ya zamani, na watu walioiunda walishafunga biashara yao zamani vilevile. Mfumo mpya haukuitaka kabisa. Mafundi watatu wa mtaa ule walishaangalia, wote wakasema futa kila kitu, urudishe mfumo wa zamani. Lakini ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kazi zote za Seifu, na Seifu alipiga simu kutoka Maskati alikosafiri, akasema atakayefuta kitu chake asimwite ndugu tena.

"Hatufuti," Jovitha alisema. "Huyu mpangaji mpya hatumfukuzi. Tunamjengea wa zamani chumba chake nje, tunamwacha alale huko. Mfumo wa zamani tunauweka kwenye diski ya nje, tunaichomeka, kompyuta inawakia huko. Tukimaliza tunachomoa, Seifu hajui kama tuliingia."

"Inawezekana?" Taimur aliuliza. Lilikuwa neno lake la tatu tangu afike.

"Kila kitu cha zamani kinawezekana. Vipya ndivyo vinasumbua."

Akatoka mlangoni, akaita chini kwenye ngazi. "Aristides! Nataka eksteno, diski ya nje!"

Aristides ni winga, yaani hana duka lakini ana kila kitu. Ukimwambia unataka tembo, atakuomba dakika tano. Baada ya dakika nne alipanda na kiboksi cheusi kinachong'aa, kimeandikwa ukubwa wa ajabu. Jovitha alikipima mkononi, akakitikisa sikioni, akachukua bisibisi.

"Dokta, usifungue, kuna garantii," alisema Aristides.

"Garantii ya nani? Yako?"

Kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na flashi ndogo ya kawaida iliyogundishwa kwa gundi, na nati mbili kubwa za chuma za kuongeza uzito. Bi Badria aliinama kutazama, akasema, "Subhanallah." Aristides alitazama zile nati kwa mshangao wa mtu aliyedhulumiwa, akaapa kwamba na yeye kauziwa, akashuka mbio, akarudi na nyingine, mtumba, imechubuka kona zote, nzito kihalali. Jovitha aliijaribu, akaridhika.

Kazi ikaanza. Kwanza aliinakili programu ya mzee na faili lake kwenye flashi tupu, maana mfumo wa zamani usingeweza kusoma chumba cha mpangaji mpya. Kisha akaisafisha diski ya mtumba, akaipanga upya, akaipa jina: Abdulla. Akafungua kopo la biskuti, akachagua flashi yenye mwaka anaoutaka, akazima kompyuta, akaiwasha tena huku ameshikilia kitufe kimoja kwa nguvu ambayo kitufe hakikuihitaji. Skrini ikaonyesha orodha ya pa kuwakia. Akachagua flashi.

Ikasoma, ikasoma, ikakataa. Ikasema nakala hii haiwezi kuthibitishwa, huenda imeharibika.

Azza akashika mdomo.

"Haijaharibika," Jovitha alisema. "Ina cheti ndani, cheti kimekwisha muda. Inatazama kalenda, inaona leo ni leo, inajiona imekufa. Tunaidanganya." Akafungua dirisha la kuandikia amri, akairudisha tarehe miaka minane nyuma.

"Fundi," Bi Badria aliuliza kwa upole, "tunatafuta ukweli kwa kusema uongo?"

"Bi Badria, uongo huu hauna shahidi, ni mimi na mashine."

"Na mimi nimeuona."

"Basi tazama feni."

Bi Badria akatazama feni. Mashine ikakubali uongo wake bila swali, ikasonga mbele, ikauliza mfumo uwekwe wapi. Zikatokea diski mbili zikiwa sambamba, moja ya ndani, moja ya nje, picha zake zinafanana kwa sura.

"Ukikosea hapa je?" Azza aliuliza.

"Nikikosea hapa, nimefuta maisha ya kaka yako."

Chini muuzaji wa kava alikuwa akipiga kelele na spika yake, lakini pale juu hata yeye walimsahau. Jovitha akaitafuta miwani. Taimur akamwonyesha kichwani. Akaivaa, akasoma jina la diski mara mbili, Abdulla, Abdulla, akapiga ishara ya msalaba, Bi Badria akasema bismillahi, Jovitha akabonyeza.

Mashine ikasema zimebaki dakika thelathini na mbili.

Mtu yeyote aliyewahi kungoja anajua kwamba dakika za kompyuta hazina uhusiano na za ukutani. Zilifika ishirini, zikarudi arobaini. Jovitha aliagiza chai na sambusa. Bi Badria alikula moja, Taimur alishika yake mpaka ikapoa. Azza hakugusa.

"Shangazi," Azza alisema baadaye, akitazama mbele tu. "Kama kweli ni mama aliyemnyonyesha, mimi na Taimur tutasalimiana vipi?"

Bi Badria akamshika mkono binti, na kwa mkono mwingine akamshika Taimur, akakaa hivyo katikati yao amefumbata mikono miwili isiyo yake. Alikuwa analia waziwazi, bila sauti. Jovitha akajifanya anafuta vumbi kwenye kompyuta mbovu ambayo haijafutwa tangu aipate. Aligundua kwamba anataka jambo hili liwe, anataka kwa nguvu ambayo si ya kikazi, na ikamkera, kwa sababu fundi akianza kuwapenda wateja hafanyi kazi, anaomba dua.

Saa nane kasorobo kompyuta ikajizima, ikawaka. Akashikilia kile kitufe, akachagua diski ya nje. Ikachukua muda mrefu, ikatokea ile picha ya zamani ya kupamba skrini, ambayo Azza aliitambua mara moja. "Ndiyo ilivyokuwa kwa babu," alisema.

Jovitha akaiweka programu, akaiweka shajara, akabofya. Ikafunguka kana kwamba mzee alikuwa ametoka kwenda kuswali na anarudi sasa hivi. Majina yalitambaa skrini nzima, matawi na vitawi. Bi Badria na Azza wakainama mbele. Taimur alibaki benchini, ameegemea ukuta.

"Nitafute," alisema. "Tafuta jina langu. Sikai tena na hili."

Jovitha akaandika Taimur. Ikaleta mmoja. Hakuwa wa ukoo, ila alikuwa amewekwa pembeni na maelezo yake marefu, kwa Kiswahili safi cha mtu wa kiwanda cha uchapaji. Jovitha akaanza kusoma kwa sauti.

"Taimur, mtoto wa jirani yetu, mama yake kafariki. Ameletwa kwetu anyonyeshwe. Mke wa mwanangu maziwa yake hayamtoshi hata Seifu, hakumnyonyesha, wala tone. Naandika hili wazi asije mtu akatia shaka siku nikiwa sipo."

Azza akatoa sauti ambayo si neno. Bi Badria akapiga kigelegele kikali kilichowatoa mafundi wa vyumba vyote vya jirani, kile kilichomkwama tangu arudi kutoka Tanga. Kisha akajishika.

"Subiri. Subiri, fundi. Sasa nani alimnyonyesha?"

Jovitha alikuwa ameshasoma mbele kwa macho.

"Fundi?"

"Inasema," alianza, akavua miwani, akaivaa tena. "Inasema alimnyonyesha mpangaji wetu wa vyumba vya uani, mama Mchaga, muuza ndizi, mwenye mtoto mchanga aitwaye Ansbert. Kamnyonyesha wiki sita, asubuhi na jioni, hakutaka kupokea chochote. Jina lake Severa. Mtoto wake mwingine yuko Rombo kwa bibi yake, binti, anaitwa Jovitha. Hawa wawili ni ndugu zake Taimur kwa kunyonya, wala asiruhusiwe kumuoa huyo Jovitha."

Watu watatu wakamtazama. Mafundi waliojazana mlangoni nao wakamtazama.

"Mama alikuwa anasema alipanga kwa Mwarabu mmoja Mtaa wa Likoma," Jovitha alisema polepole. "Mwarabu mwenye kuandikaandika."

"Nyumba yetu ilikuwa Likoma," Azza alinong'ona. "Sasa ni ghorofa la kuuzia mapazia."

"Mimi nilikuwa naona yule mama akipita na mkungu kichwani," Bi Badria alisema, amejishika mashavu. "Kila asubuhi ananiuliza, mtoto hajambo? Mimi namjibu hajambo. Sikuwaza. Wallahi sikuwaza kabisa! Nilihesabu watu wa nyumba, wapangaji sikuwahesabu."

"Ni sawasawa hata kama ni Mkristo?" mmoja wa mafundi aliuliza kutoka mlangoni.

"Kanyonyesha, ni mama yake," alisema Bi Badria. "Hakuna kingine cha kuuliza."

Jovitha akachukua simu, akapiga Rombo, akaweka sauti ya nje. Mama yake amerudi kijijini kupumzika, na mapumziko yake ni kusimamia migomba ya watu watatu. Akapokea kwa kelele, kama anavyopokea siku zote, akiamini umbali unahitaji nguvu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umepata mchumba?"

Mafundi wakacheka. "Mama, ulipokuwa Likoma, ulinyonyesha mtoto wa watu?"

"Nani? Yule mfiwa? Nilimnyonyesha, ndiyo. Ansbert alikuwa mvivu wa kunyonya na mimi maziwa yananiuma. Kwani vipi, anaumwa?"

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Niseme nini? Mtoto ana njaa, nimempa. Hivyo navyo vya kutangaza?" Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu aliye karibu. "Walimhamisha bila kuniaga. Nilikuwa nashtuka alfajiri nikidhani wamemleta. Nilikuwa nawauliza watu, hakuna aliyejua yuko wapi. Amekua? Yuko hai?"

Taimur alikuwa amesimama. Tangu aingie alikuwa ametoa maneno machache tu, na sasa alisogea mezani kama mtu anayevuka maji, akaegemea kwa mikono miwili juu ya ile simu.

"Shikamoo mama," alisema.

Hakuna aliyejua nini kilitokea Rombo kwa muda ule. Walisikia kuku, walisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Marahaba, mwanangu," alisema Severa. "Hebu sema tena."

Taimur hakuweza kusema tena pale mbele za watu. Akaichukua simu, akapita katikati ya mafundi, akatoka nayo hadi mwisho wa korido, akageukia ukuta. Azza alitaka kumfuata, Bi Badria akamshika baibui, akamkalisha pembeni yake. Mtu mmoja akaja kuulizia bei ya kubadilisha kioo, akaambiwa arudi kesho. Walikaa wakingoja, na simu ilikuwa ya Jovitha, na salio lilikuwa la Jovitha, na hakuidai.